Hongera Niliyompa Papa Nabintu

Halima, wewe na wenzako mliobaki ofisini mmenishika shati niandike mambo ya kazi, tena niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza mnakisoma mchana kutwa mpaka macho yanawauma. Haya, naandika. Lakini msitafute humu nani alipandishwa cheo lini, wala nani alilipwa nini. Hayo yalinipita nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti, na sina hakika kwamba nimekosa kitu.

Huu mwezi wa nne tangu nistaafu. Asubuhi naamka saa ile ile, nateleka chai ya tangawizi, nakaa dirishani, na watu wanaanza kunipitia. Si ndoto, maana macho yangu yako wazi. Wala siwezi kusema niko macho hasa. Naona makoti mazito, mikoba, glavu moja iliyosahauliwa mezani. Majina mengi yamenitoka, ila nakumbuka walichagua fani gani. Huyu usalama na diplomasia. Yule biashara ya kimataifa. Yule wa kofia nyekundu, haki za binadamu, sasa anauza nyumba Golden Valley na ana raha zake, Alhamdulillahi.

Kwa wale ambao hawajafika kwenye ile ofisi yetu ya ghorofa ya pili, nieleze kazi yenyewe. Wanafunzi walikuja kusoma shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa, miaka miwili. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, kila mmoja alitakiwa achague fani kuu na fani ndogo, ajaze fomu, mshauri wake atie sahihi. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, saa kumi jioni. Fani ndiyo iliyoamua utasoma nini, utafanya mazoezi ya kazi wapi, na nani atakutazama ukimaliza. Kubadilisha baadaye kuliwezekana, kama inavyowezekana kupunguza chumvi kwenye mchuzi. Mshauri wa wote hao nilikuwa mimi, Zuhura, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, niliyekuja Minneapolis nikimfuata mume na nikaikuta kazi.

Siku ya kwanza ilikuwa Januari. Nakumbuka niliingia nikaenda moja kwa moja dirishani, nikasahau hata kuvua koti. Chini palikuwa na Mississippi. Kando zake zimeganda, katikati maji yanapita meusi, na mvuke unapanda taratibu. Nikasimama pale nikiwaza kwamba mto huu nao haujaamua. Nilisimama muda mrefu mpaka mtu nyuma yangu akakohoa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, kijana kutoka mji mdogo wa kaskazini.

Basi nikamkaribisha kama tunavyokaribisha. Hujambo, habari za asubuhi, wazazi wazima? Baridi mwaionaje huko kwenu? Mama afanya kazi gani? Ng'ombe wangapi? Kijana akajibu kila swali kwa adabu, mashavu yanazidi kuwa mekundu. Nusu saa ikaisha. Akanishukuru, akatoka, hatujagusa masomo hata kidogo.

Mezani pa pili alikaa Karen, aliyepewa kazi ya kunifundisha. Mwanamke mrefu, masweta ya kufuma mwenyewe, chakula chake cha mchana mkate na jibini siku zote za Mungu. Watu wa Minnesota wana adabu yao, hawakwambii umekosea. Karen alinitazama, akamaliza kutafuna, akasema, "Hiyo ni tofauti kidogo." Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba nilikuwa nimekaripiwa.

Kila nilichokijua cha kazi nilikitoa kwake. Alikuwa na kisanduku cha mbao chenye kadi, kila kozi imeandikwa kwa mkono kwenye kadi yake. Mwanafunzi akija hajui achague nini, Karen alimwaga kadi mezani, akamwambia azipange kama masomo ya miaka miwili. Kisha akanyamaza. Aliniambia nisiangalie kadi ambayo mtu anaikamata kwa nguvu. Niangalie ile anayoirudisha, halafu mkono unaifuata tena. Akanifundisha pia nimwulize mtu ni kitabu gani amekimaliza bila kulazimishwa. Na wanafunzi wakienda kuwauliza waliotangulia, wasiwaulize kazi yao ni nini, maana kila mtu ana hotuba ya kujibu hilo. Wawaulize Jumanne iliyopita walifanya nini, tangu asubuhi hadi jioni. Wengi waliokuwa wanaililia diplomasia waliacha baada ya kusikia Jumanne moja tu.

Kompyuta zilipokuja kadi zikaonekana za kishamba. Mimi nilizishika. Halima, ziko kwenye droo ya chini, upande wa kushoto, na usimruhusu mtu azitupe.

Nilikuwa na kesi ngumu na kesi za kuchekesha, na mara nyingine ilikuwa ni kesi moja. Palikuwa na bwana mmoja aliyebadilisha fani mara nne kwa muhula mmoja, na kila mara alikuja na tai mpya. Palikuwa na Mkenya mmoja, muuguzi, alikuja akitoka zamu ya hospitali, bado amevaa nguo za kazi. Kaka yake alikuwa amemwamulia usalama wa kimataifa. Nikamwaga kadi. Akazitazama, akaegemea mkono, na kabla sijafungua kinywa, amelala. Nikamwacha. Theluji ilikuwa inaanguka nje, nyepesi, haina haraka, na chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa pumzi zake. Nadhani na mimi nilisinzia. Alipoamka baada ya dakika ishirini, alivuta kadi zote za afya upande wake bila kusema neno, na kaka mtu akapigiwa simu baadaye. Ile ndiyo saa nzuri kuliko zote nilizopata kazini, na sikufanya lolote.

Sasa nije kwa Nabintu. Nimezunguka kwa sababu sipendi kufika hapa.

Nabintu alizaliwa Bukavu, Kongo. Alibebwa mgongoni akiwa mdogo, wakavuka, na akakulia kambini Kigoma, Tanzania, hadi alipokuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alifia hukohuko. Wakaletwa Minnesota, yeye na baba yake tu, wakapata nyumba mtaa wa Phillips. Baba akaingia kazi Savage, kwenye maghala ya nafaka kando ya mto, na hiyo kazi anayo mpaka leo. Alipoingia shule yetu, Nabintu alikuwa na sauti ndogo na daftari kubwa. Kadi zake zilijipanga zenyewe. Wakimbizi, misaada ya kibinadamu, sheria ya hifadhi. Mkono wake haukurudi nyuma hata mara moja.

Akajaza fomu mapema, mwezi wa Februari. Akaniambia, "Mama Zuhura, baba hajui bado. Yeye anajua nachukua biashara ya kimataifa. Nitamwambia mwenyewe, Pasaka, tukitoka kanisani. Nimeshajipanga." Nikamwambia sawa, mwanangu, siri yako iko kwangu. Na kweli hata sheria ya chuo ilikuwa hivyo: mwanafunzi ni mtu mzima, habari za masomo yake ni zake, mzazi haambiwi kitu bila ruhusa ya maandishi. Nimeifundisha sheria hiyo kwa wafanyakazi wapya mara nyingi, na slaidi na kila kitu.

Simu ililia alasiri moja, mwanzo wa Machi. Barafu mtoni ilikuwa inavunjika, ukungu umejaa dirishani, hata ng'ambo haionekani. Nilikuwa nimekaa tu naangalia weupe ule, akili imenitoka, imekwenda sijui Mombasa sijui wapi.

"Allo? Mama Zuhura? Jambo, mama."

"Jambo sana, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni miye, Papa Nabintu. Jina yako naisikia kila siku kwa kinywa ya mtoto. Nikasema leo niko na pause kidogo hapa kazini, alors, nimusalimie huyu mama."

Wallahi hakuniuliza kitu. Mtu alipiga simu kunisalimia, basi. Na mimi nani nimkate? Tukasalimiana. Nikamwuliza baridi ya Savage, akaniuliza afya ya mume wangu. Nikamwuliza mgongo, maana kazi ya maghala, akacheka akasema mgongo uko, unamkumbusha kila asubuhi. Ile sauti yake ya Kongo, inavyopanda na kushuka, watu wakiitwa bantu na ndiyo ikiitwa njo, ilinilegeza kabisa. Nilijihisi niko barazani, si ofisini. Na baraza ina taratibu zake. Huwezi kuongea na mzee wa watu dakika tano, mtoto wake yuko mikononi mwako, ukakata simu bila kumsifia malezi. Kwetu huo ni ukosefu wa adabu. Mwenzangu Mmarekani asingefika huko. Angesema samahani, siwezi kuzungumza habari za mwanafunzi, kwaheri, na mambo yangeisha salama.

Mimi nikasema, "Hongera, Papa Nabintu. Umelea."

"Hongera ya nini, mama?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, hongera ya mtoto mwenye heshima. Ningesema lolote. Ulimi hauna mfupa.

"Kwa hii fani aliyochukua. Kazi ya wakimbizi si kila mtu ana moyo nayo."

Upande wa pili nikasikia mashine ya kubebea mizigo ikirudi nyuma, inalia piii, piii, piii. Ikanyamaza.

"Bakimbizi," akasema.

Nilishajua.

"Merci, mama. Mungu akubariki," akasema, na akaweka simu taratibu. Angenitukana ningeshukuru.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Nabintu amesimama mlangoni pa ofisi kabla sijafungua. Hakuketi. Aliweka mezani fomu mpya, imejazwa: fani kuu, biashara ya kimataifa.

"Weka sahihi, please."

"Nabintu, mwanangu..."

"Usiniite mwanangu, Mama Zuhura. Mwanao usingemfanyia hivi." Akaisogeza fomu mbele yangu. "Hajanigombeza, unajua? Angenigombeza ningejua la kufanya. Amekaa tu. Hajala. Ameniuliza kitu kimoja, kwa nini mtu wa mbali amejua kabla yake. Nilikuwa nimelibeba hilo neno tangu high school. Miaka! Nilikuwa na siku yangu, na namna yangu. Wewe umelitoa kwa simu, kwa salamu."

"Nimekosa," nikasema. "Sina la kujitetea."

"So weka sahihi. Nitasoma biashara. Baba yangu hana mtu mwingine duniani, na mimi sina."

Halima, nimetia sahihi fomu nyingi maishani bila kufikiri. Ile nilishindwa. Nikamwambia fomu zote mbili zitakaa mezani kwangu mpaka Ijumaa saa kumi. Akija tena siku hiyo akaniambia nitie, nitatia hapo hapo, sitasema neno. Akatoka.

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi nikajishtaki mwenyewe. Nilipewa barua ya onyo, kurasa mbili, yenye adabu nyingi, na imo kwenye faili langu hadi leo. Ilinistahili. Lakini barua haikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni msichana yule kwenda kuishi maisha ya mtu mwingine kwa sababu mimi nilitaka kuonekana mstaarabu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuhisi hata nguo zinakubana.

Nikampigia Karen. Alikuwa ameshastaafu kitambo, anaishi Saint Paul na paka wawili. Nikamweleza yote, na nikamweleza mipango yangu: nitaenda kwa baba mtu, nitamweleza uzuri wa fani ile, nafasi za kazi, waliohitimu wako wapi. Karen akaniuliza, "Umemuuliza msichana anataka nini kutoka kwako?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka yote ile ya kadi, na sikuwa nimemuuliza.

Nikamwandikia Nabintu ujumbe. Majibu yalikuja jioni, kwa Kiswahili kitupu, naye kawaida akiandika huchanganya. Njoo nyumbani Jumatano saa kumi na moja. Umwombe baba radhi, kwa kuwa ulimpa neno langu kabla sijampa mimi. Limekuja kwa mgeni, lazima mgeni aje alirudishe. Lakini usinitetee. Hata neno moja. Chini yake akaongeza, kwa Kiingereza safi, kwamba anatoa ruhusa ya maandishi. Nikajua bado ni mwanafunzi wetu.

Jumatano nikakaanga mahamri, nikayatia kwenye kopo la bati, nikadraivu hadi Phillips. Siku zilishaanza kurefuka, jua la Machi limelala juu ya theluji chafu, kila kitu kina rangi ya chai. Watoto walikuwa wanaongea lugha nne kwenye ngazi moja. Nilipanda nikihisi kama natembea ndani ya siku ya mtu mwingine.

Papa Nabintu alifungua mwenyewe. Mfupi, kifua kipana, bado amevaa jaketi la kazi lenye mistari ya kung'aa. Ndani palinukia sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Akanikaribisha kwa mikono miwili, akaninyooshea kiti kizuri. Nabintu akamimina chai, akasimama karibu na mlango wa jikoni, hakuketi.

Sikungoja chai ipoe. "Papa Nabintu, nimekuja kuomba radhi. Mtoto wako alikuwa na neno lake kwako. Lilikuwa lake, si langu. Mimi nikalitoa. Nimemkosea yeye na nimekukosea wewe. Naomba mnisamehe."

Akatikisa kichwa polepole. "Mama, kuteleza haiko kuanguka. Ile nimekusamehe tangu kwa simu." Akageuza kikombe mkononi. "Ile haiko inaniuma."

Na hapo, jamani, mimi nilikuwa na hotuba kifuani. Nilikuwa na nafasi za kazi, mifano, majina ya waliofanikiwa. Yote yalipanda mpaka kooni. Nikachukua hamri nikalitia mdomoni zima.

Papa Nabintu akaendelea, hanitazami mimi wala binti yake, anatazama dirisha. "Kule camp kulikuwa dada moja. Alikuwa na faili ya bluu. Hakukuwa mubaya, sitasema uongo. Alikuwa anatusalimia vizuri, anajua majina ya batoto. Mama yake Nabintu alipougua, walisema atapelekwa hospitali ya mujini, sasa inaomba karatasi. Nikaenda kwa ule dada. Akasema, 'Mungoje kidogo, baba.' Nikangoja. Nikarudi. 'Mungoje kidogo.' Miezi mitano. Na ule dada kila siku anacheka na sisi vizuri, na viatu vyake safi." Akageuza kikombe tena. "Karatasi ilifika. Siku ya tatu ya matanga, ilifika."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari, linakataa.

"Donc, si kusema sitaki mtoto yangu asaidie bantu. Sitaki akuwe ule wa faili. Sitaki baba moja asimame mbele ya mtoto yangu, akisikia 'mungoje kidogo', na akimuchukia kama vile mimi nilimuchukia ule dada. Njo hiyo inaniuma."

Nilimtazama Nabintu. Nilidhani baba yake amemsimulia haya maisha yake yote. Kumbe hapana, machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili cha baba yake, si kile anachonisemesha mimi.

"Papa, miye nilikuwa nyuma yako. Kila siku ile, nilikuwa nimeshika shati yako. Miye pia nilimuchukia ule dada. Mpaka leo namuchukia. Njo maana nataka kiti yake."

Baba yake akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu niingie.

"Kiti yake."

"Kiti yake, papa. Mutu atakaa pale. Kila siku kuna mutu anakaa pale. Nataka akuwe mutu alikuwa nyuma yako."

Mzee akaweka kikombe chini. Alifikiri muda mrefu, na nikaona kwamba anafikiri kweli, hatafuti namna ya kushinda. Ndipo akamwuliza, kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni, "Sasa baba moja anakuja. Bibi yake anagonjwa. Anakuuliza karatasi itatoka siku gani. Na wewe hujui. Utamujibu nini?"

"Nitamuambia sijui."

"Sijui?"

"Nitamuambia, sijui, papa. Na nitamuambia ni nani anajua, na mulango yake iko wapi. Na nitaenda naye."

"Sijui," akarudia mzee, kama anaonja. "Miaka yote ile, hakuna mutu alituambia sijui." Akajipangusa uso kwa mkono wote. Kisha akanigeukia, "Mama, kunywa chai. Inapoa." Nikanywa. Nabintu akaketi, karibu na baba yake, akachukua hamri. Hatukuongea tena habari ya shule. Tuliongea habari ya mgongo, na ya mvua inavyonyesha Bukavu, na mzee akaniambia mahamri yangu yamezidi iliki.

Ijumaa sikupata kufanya kazi. Nilikaa na zile fomu mbili mbele yangu nikiangalia mto, vipande vya barafu vinapita vikigongana, vinazunguka, vinaendelea. Saa tisa na dakika ishirini Nabintu akaingia. Akachukua ile ya biashara, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akanisukumia nyingine. Nikatia sahihi. Nilitaka sana kumwuliza baba yake alisema nini mwishoni, na sikumuuliza, na nataka nyinyi wadogo zangu mlihesabu hilo kama kazi kubwa niliyoifanya mwaka ule.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mama Zuhura, nimekusamehe. Lakini baba akipiga simu tena, salimia tu, halafu weka chini." Tukacheka wote wawili, mimi huku nalia.

Nabintu amemaliza masomo, yuko kazini sasa, kwenye kambi moja mbali na hapa. Sitaitaja. Hili la mwisho aliniambia mwenyewe, na amenipa ruhusa niliandike. Ninayo kwa maandishi. Kila Jumapili baba yake humpigia kutoka Phillips. Hamjulii hali kwanza. Humwuliza, "Wiki hii uliambia bantu wangapi wangoje?" Naye humtajia hesabu, hapunguzi hata mmoja, na kila mmoja humweleza kwa nini. Mzee husikiliza mpaka mwisho. Ndipo humwambia, "Jambo, mtoto yangu."